Kisigino cha Kushoto

Jumapili, 4 Mei 2025

Raba za mwanangu Chausiku zimekufa. Soli ya kulia imeachia kabisa, na ile ya kushoto imemtesa goti tangu mfungo. Mwalimu Erasto wa michezo kasema tusihangaike na mtumba mwingine, kiatu kilichokwisha kuzoea mguu wa mtu kinampinda mtoto. Aanze kukimbia peku. Ila polepole, kasema, leo kidogo na kesho kidogo, mguu ujifunze.

Nilicheka. Peku kuna kujifunza nini? Mimi kiatu changu cha kwanza nilivaa siku ya kuolewa, na kilinibana.

Mashindano ni Korogwe, tarehe nne mwezi ujao. Wasichana wawili watakaotangulia watachukuliwa shule ya bweni huko milimani, njia ya Lutindi, wakasome na kukimbia. Hapa Kwamsisi shule iko mbali, anafika darasani anasinzia. Mtoto ana akili, lakini akili iliyochoka itafanya nini.

Nitakwenda naye alfajiri. Mtoto wa kike hawezi kukimbia njia ya mashambani peke yake na mimi nipo hai.

Jumanne, 6 Mei

Nimekimbia. Mimi, na kanga nimejifunga kiunoni. Yeye mbele, mimi nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba. Kisimani jirani yetu Yuditha akaniuliza, mama Chausiku, unamkimbiza mwizi au mwizi ndiye anakukimbiza wewe? Nikamwambia mwizi ni uzee, na ameshanipita. Wakacheka wote. Nami nikacheka, mbavu zinaniuma.

Baba Chausiku, Muhsin, kasema wenzake wanafuga mbuzi, yeye anafuga swala wawili, mmoja mnene.

Nyayo za Chausiku nyekundu kama nyama. Zangu hazina neno. Tumeloweka miguu kwenye beseni moja, maji ya moto na chumvi. Miguu yake laini. Nimeitazama sana ile miguu. Kumvisha viatu toka mdogo, ndiyo kazi niliyojivunia. Sasa tunaiondoa.

Jumamosi, 10 Mei

Mbigili. Umeingia chini ya kidole gumba, nimeuchokoa kwa sindano. Analia bila sauti, ananiangalia tu. Na misuli ya nyuma ya mguu imekaza, kuchuchumaa chooni anashika ukuta.

Mwalimu kamwambia apumzike kwanza. Mimi nikamwambia hapana, ukipumzika mguu unarudi kuwa laini, tutaanza upya. Mguu unakomaa huo. Hata mkono wa jembe huanza na malengelenge.

Chausiku kanisikiliza mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Leo katimua! Nilimwona anaishia kwenye bonde, basi. Hasikiki anavyokanyaga, kama paka. Akiwa na raba alikuwa anapiga chini pa-pa-pa. Nilisimama njiani nikasahau hata kuhema.

Ya Rabi, huyu nimemzaa mimi.

Jumatano, 21 Mei

Mvua ya usiku imelainisha njia. Mimi nyuma, macho chini nisije nikateleza. Ndipo nikaona. Mguu wa kulia alama nzima — vidole, unyayo, kisigino. Wa kushoto vidole na nusu unyayo. Kisigino hamna. Nikasema labda hapa aliruka dimbwi. Nikafuata mpaka kwenye daraja. Hamna. Na vidole vimegeuka nje.

Mbuzi akichechemea najua kwa alama kabla sijamwona mwenyewe. Nitashindwa kwa mwanangu?

Nilimuuliza. Kasema hana kitu. Mama, mbona unanichunguza kama polisi?

Lakini nimeona.

Ijumaa, 23 Mei

Nimembana alipotoka kuoga. Juu ya mguu, nyuma ya vidole, pamevimba. Nikigusa kwa ncha ya kidole anaruka. Kumbe muda wote huu.

Kanishika mikono miwili. Usimwambie mwalimu, mama, nakuomba, atampeleka Stefania badala yangu. Nikamwambia mimi siwezi kunyamazia jambo kama hili. Akasema, si wewe uliyesema maumivu ndiyo kukomaa?

Nikaenda jikoni.

Nikapasha mafuta ya kondoo. Nikamchua kwa nguvu, kwa dole gumba, kama mama yangu alivyonichua nilipoanguka na kuni. Ameuma upindo wa kanga mpaka nimemaliza. Akasema asante mama, kumekuwa kwepesi.

Jumatatu, 26 Mei

Hakukuwa kwepesi. Jumapili mguu umejaa, ndala haiingii. Leo tumekwenda zahanati.

Nesi akauliza tulifanya nini nyumbani. Nikamwambia nimechua. Akafumba macho kidogo, akafumbua. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema huenda kamfupa kana ufa, na ufa hauchuliwi, unaachwa. Tukapige picha Handeni au Korogwe. Na asikimbie mpaka uunge, tena siyo wiki hii wala ijayo. Akilazimisha utakatika kabisa, na mguu uliokatika hapo haurudi kama mwanzo.

Chausiku alikuwa anatazama tangazo la chandarua ukutani. Sijui kama alisikia. Alisikia.

Kwenye bodaboda nilikaa nyuma yake nimemkumbatia. Moyo wake unapiga mikononi mwangu.

Mikono hii. Naitazama tu, naiona ya mtu mwingine.

Alhamisi, 29 Mei

Picha hataki. Anasema ufa ukionekana kwenye karatasi ndiyo basi, hata mwalimu atauona. Anakaa kitandani, mguu juu ya mto. Uvimbe umepungua kidogo, naye ameanza kucheka. Mimi kila akicheka natoka nje.

Sina hamu ya kula. Chai tu.

Jumapili, 1 Juni

Muhsin kasema atakwenda mwenyewe kwa mwalimu, mambo yaishe. Chausiku akasukuma sahani. Hajala tangu jana. Kasema mkimwambia sitaenda shule tena, hata hii ya hapa, mtanilisha ndani kama kuku wa kufungiwa. Muhsin akanyanyuka. Basi, mguu ni wake, kasema. Nilimfuata nikamkuta zizini amesimama katikati ya mbuzi, hafanyi kitu.

Jioni mwalimu Erasto kapita na pikipiki. Mama Chausiku, mkimbiaji wangu haonekani mazoezini? Nikasema ana mafua, anapumzika. Uongo ukatoka laini, kama niliufanyia mazoezi. Akashukuru. Kasema wazazi wangekuwa wote kama mimi.

Nimeswali. Sikujua niombe nini. Nikiomba ashinde naomba avunjike. Nikiomba ashindwe, nitamtazamaje?

Jumatano, 4 Juni. Korogwe

Niko kwenye nyasi, kando ya uwanja. Nimekuja na basi la alfajiri, yeye amekuja na wenzake. Naandika huku nikingoja.

Njia ya kukimbilia ni udongo, wamemwagia maji vumbi litulie. Kila mtu anaacha alama. Wengine wana viatu vya misumari, wengine peku. Chausiku alipita mbele yangu anapasha mwili, mgongo umenyooka, uso mkavu. Ukimtazama usoni huoni kitu. Nikatazama chini.

Kulia kisigino. Kushoto hamna. Kulia kisigino. Kushoto hamna.

Na mwalimu Erasto nikamwona anakuja upande huohuo, filimbi mdomoni, anatazama udongo kama una mawe.

Nilinyanyuka. Sijui nani alininyanyua. Nikaingia njiani na ndala zangu, nikapita juu ya alama zake, naburuza miguu, nafuta. Moja moja, mpaka kwenye kona. Watu walinitazama. Nikafuta tu.

Mwalimu akanifikia. Shikamoo mama, umedondosha kitu? Nikamwambia hereni. Ooh pole, kasema. Akachuchumaa pale pale, akaanza kupapasa udongo kwa vidole. Nenda kakae mama, kasema, nitakutafutia, usichoke bure.

Nimerudi kukaa. Hereni zangu zote mbili ziko masikioni, chini ya ushungi. Yeye bado anatafuta. Suruali imechafuka magotini. Mwalimu mwema huyu.

Wanaita wasichana wapange mstari. Nikimwita mwalimu sasa hivi atanisikia, hayuko mbali. Ni neno moja tu.

Chausiku anakuja kwangu mbio, ananichekea, ananinyooshea ndala zake nimshikie. Anakanyagia vidole. Mwalimu amenyanyua kichwa, anamtazama mguu wa kushoto.