Papai Bichi na Uvimbe wa Shangazi

Ibra, Jumatano, 1984

Leo joto limepungua kidogo, na mimi nimepata usingizi mzima baada ya wiki nyingi.

Shangazi Zuwena yuko nyumbani. Alhamdulillahi.

Ndiye aliyenilea tangu Unguja, mama alipofariki, akanishika mkono mpaka mji huu wa Ibra, ng'ambo ya bahari. Mwezi wa Ramadhani nilimkuta akibadili nguo, nikauona uvimbe kwenye titi lake, kama kokwa ya tende. Akanisihi nisimwambie mtu. Nami, mwalimu wa bayolojia, nikanyamaza miezi miwili.

Nakiri hapa, kwani kwa sauti bado sijaweza kuwaambia watu.

Nilipombembeleza mpaka akafika hospitali, daktari alitaka kuukata upesi. Shangazi akakataa. Alikuwa amesikia kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika, ukatapakaa mwili mzima. "Hauniumi," alisema. "Uacheni ulale."

Nikamrudia daktari peke yangu, nikamwuliza kwa nini tusingoje. Alinieleza pole pole, akichora kwa penseli. Uvimbe ukitaka kukua unahitaji mishipa yake wenyewe ya damu. Basi hutoa ishara, na mishipa ya jirani huitikia: seli za mishipa hiyo hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta wa mshipa na nyama iliyo mbele, njia ikapatikana, mshipa mpya ukachipua kuuelekea uvimbe. Na njia inayoleta chakula ndiyo hiyo hiyo seli mbaya huweza kutorokea. Wataalamu wanatafuta dawa ya kuvizuia vimeng'enya hivyo, alisema, lakini bado hawajaipata. Tulicho nacho ni kisu, tena mapema.

Vimeng'enya nafundisha kila mwaka. Vya mate, vya tumbo. Sikuwahi kufikiri kwamba vinaweza kumfungulia adui mlango.

Nyumbani nilimkuta Shangazi jikoni, anaipaka nyama ya mbuzi papai bichi ilainike kabla ya kuchoma mishikaki. Nikakaa karibu yake. Nikamwambia kwamba ndani ya utomvu wa papai lile mna kimeng'enya, ndicho kinacholegeza nyama. Na ndani ya titi lake mna vitu vya jamaa hiyo, vinailegeza nyama yake ili damu ipite kuulisha uvimbe.

"Haulali, Shangazi. Unachimba."

Akaosha mikono. Akalifunika bakuli la nyama.

"Kumbe uvimbe huu unanipika bila ya moto," alisema. "Na wewe ulikuwa ukiyajua haya siku zote?"

"Nilijua kuna uvimbe tu. Haya mengine nimeyajua leo. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekuziba mdomo, mwanangu. Nipeleke kesho."

Titi limeondoka. Alilia siku moja, kisha akaomba chai ya tangawizi.

Leo asubuhi daktari ametusomea majibu: tezi za kwapani ni safi, seli mbaya hazijafika huko. Tutarudi kupimwa mara kwa mara. Zaidi ya hapo hakuahidi, na namshukuru hata kwa kutoahidi.

Jumamosi, wiki ya masomo ya huku ikianza, nikiingia darasani nitafunga kitabu kwanza. Nitawaambia wasichana wangu: mkiona uvimbe, wenu au wa mama zenu, semeni siku hiyo hiyo.

Nilimwuliza Shangazi kama naweza kusimulia kisa chake bila kumtaja.

"Nitaje," alisema. "Jina langu unalijua."