Waliochomwa Kisu Wameinuka, Mama Winifrida

Mwaka umetimia leo, mke wangu Generosa, tangu pumzi ikuishie kitandani kwetu hapa ugenini Kilburn. Nakuandikia mimi mumeo, na ndugu na marafiki wasikilize.

Mchana ulishona watu. Miaka thelathini na mmoja ya uuguzi kwenye chumba cha majeruhi: vijana waliochanwa kwa visu, walevi waliopasuliwa kwa chupa, mama aliyevunjwa taya na mumewe. Wote uliwaita "baba" na "mama", hata aliyekutemea mate. Ukirudi unaoga, unavaa gauni lako la zambarau, unaniambia, "Baba Winifrida, vaa viatu. Leo wanauana."

Tulikuwa tunakwenda kwenye baleti, ile dansi ya Wazungu ya kusimama kwa ncha za vidole, hadithi nzima bila neno. Za maua na malaika hukuzitaka. Ulipenda moja tu, ya ndugu wawili wanaomgombania bibi harusi. Mdogo anamchoma mkubwa kisu mbele ya wageni, baba yao anamnyonga mdogo kwa utepe wa harusi, na bibi harusi anajimaliza kwa kisu kile kile. Uliiona mara arobaini na tatu. Mimi nikisimulia husema mia mbili.

Tulikaa juu kabisa, kwenye viti vya mwisho, na darubini yako ndogo, chupa ya chai, na visheti umevifunga kwenye leso. Ulikosoa mauaji kwa kunong'ona. "Hapo amechoma ini. Wa ini hachezi dakika nne. Huyo angekuwa wangu, ningekuwa nimeshamfunika shuka."

Siku moja nilikuuliza, mtu aliyeshinda kwenye damu anafuata nini kwenye damu nyingine? Ukanijibu huku unavua viatu: "Hawa, pazia likifunguka mara ya mwisho, wanainuka. Wanashikana mikono, wanainama. Wangu hawainuki."

Ndiyo maana hukutoka hata siku moja kabla ya hapo. Treni ituache, mvua itunyeshee, ulisimama ukiwahesabu mpaka watimie watatu.

Sasa niseme jioni yetu ya mwisho. Watu wamekwisha kuisikia kwangu kuanzia Stanmore hadi Southall: jitu refu kama mlango wa kanisa lilikutukana, nikalitandika ngumi moja, likapinduka safu tatu za viti, likadondokea chini kwenye ngoma ya wapiga muziki, na ngoma ikalia. Vijay wa dukani huniomba niirudie kila nikienda kununua unga.

Kwako siwezi kuileta hivyo.

Alikuwa mzee mwenzangu, mfupi, na tai ya madoa. Kifua chako kilikuwa kimeanza kukubana, ukakohoa wakati bibi harusi anaokota kisu. Yule mzee akageuka, akakunyamazisha. Ukamwomba radhi kwa kichwa, naye akageukia jukwaa. Yalikuwa yamekwisha. Lakini mumeo ni Mpare, na wewe Mchaga wa Rombo ulinitania maisha yote kwamba Mpare hapati usingizi kesi yake isiposikilizwa. Nikainama nikamwambia mgonjwa ana haki ya kukohoa. Akasema nyamaza. Nikamkamata tai. Akanitwanga darubini juu ya jicho, nikamzaba kibao miwani ikaruka, akaniuma mkono. Ndiyo, aliniuma, na meno yalikuwa yake mwenyewe. Damu yangu ikakudondokea gauni. Kule jukwaani bibi harusi anaanguka, huku juu wazee wawili tunakabana koo.

"Mwachie," ulisema. "Baba Winifrida, mwachie, imebaki kidogo tu."

Nilikusikia. Nikaivuta ile tai tena.

Wahudumu walitutoa wote watatu. Mlango ukafungwa nyuma yetu, ndipo tukasikia watu wanapiga makofi ndani. Ukakaa kwenye ngazi, ukalowesha leso ya visheti kwa chai, ukanisafisha jicho. Kisha ukamwita yule mzee, "Njoo, baba," ukamsafisha na yeye. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Leo nimewaacha wote watatu chini."

Siku kumi na sita baadaye hukuamka.

Jumamosi iliyopita waliicheza tena. Winifrida alikata tiketi, tukaenda na mumewe Justin, mjukuu wako Angel, na dada yako Beatha aliyekuja kutoka Rombo kwa ajili ya misa yako. Hakuna aliyemweleza Beatha vizuri. Kisu kilipoingia, aliruka kwenye kiti: "Jamani, mzuieni, anaua!" Ukumbi mzima ukageuka. Kijana mmoja mbele yetu akamfyonya shemeji yangu, na akaongeza neno ambalo hata mimi nalijua kwa Kiingereza. Mkono ukaniwasha. Nilikalia mikono yote miwili, Mama Winifrida, nikaikalia mpaka ikafa ganzi, na kovu la jicho likawa linapiga kama moyo.

Hatukutolewa. Pazia lilifunguka mara ya mwisho, wakainuka. Angel akawahesabu kwa Kiingereza chake mpaka watatu. Watu wakatoka, taa zikawaka, wafagiaji wakaanza safu za chini. Angel akanivuta koti akitaka kujua nangoja nini, maana wote wameshainuka.

Nilikuwa nangoja wa nne.

Unakumbukwa na mumeo Mmbaga, mwanao Winifrida, mkweo Justin, mjukuu wako Angel, dada yako Beatha, wauguzi wenzako, na mzee mmoja mfupi mwenye tai ya madoa, aliyekuja mazishini bila kualikwa akakaa karibu nami.

Hatujakusahau siku moja, wala hatutakusahau. Na safari hii hatukutoka mapema.