Dole Gumba Katika Daftari la Mtaa

Babati,
Jumapili mchana.

Dada yangu Atupele,

Shikamoo. Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba: isome barua hii peke yako, na hata neno moja lisivuke mdomo wako. Shemeji asijue. Mama ndiye asijue kabisa, maana presha yake haijui kusubiri maelezo. Ukimaliza, itie jikoni iungue yote. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu imegeuka simu ya ofisi. Taarifa za mtaa zinatumwa kwayo, na kila mwenye shida anaishika.

Hali yako lakini? Kikohozi cha mtoto kimekwisha? Viazi mmeshavitoa, au mvua za huko Tukuyu bado zinawazuia kuingia shambani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaopiga kama wa mtu aliyekimbia, na leo sijakimbia popote.

Unajua kazi yangu ni ukarani wa ofisi ya mtaa. Jina la mtaa naliacha makusudi. Hapa mtu akiibiwa anaanzia kwetu kuchukua barua ndipo aende polisi. Namsikiliza, naandika maneno yake kwa penseli kwenye kaunta buku, daftari letu la matukio, kwa kuwa watu hukumbuka mambo nusunusu na kujisahihisha. Kisha anabonyeza dole gumba pembeni, hata kama anajua kusoma. Ndiyo desturi ya ofisi. Jioni Mwenyekiti wa mtaa anapitia, nami napitisha wino juu ya penseli.

Mwezi wangu wa kwanza, nilipotaka kupitisha wino juu ya neno "ameibiwa", Mwenyekiti aliniwekea mkono begani.

"Mwanangu, andika amepoteza."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtaa ukishaandikwa kuwa ni wa wezi, wapangaji wanahama, na wakubwa wataniuliza nimekalia kiti cha nini. Wewe umesoma. Tumia lugha laini."

Alisema kwa upole, Dada, na upole huo ndio ulionimaliza. Nilifuta nikaandika "amepoteza". Hakuniambia tena. Baada ya hapo nilikuwa nafuta mwenyewe.

Yupo mama mmoja, Mama Juliana, mjane anayeuza perege wa ziwani pale sokoni. Alikuja kusema mlango wake umevunjwa na mizani yake imechukuliwa. Nikaandika amepoteza mizani. Wiki mbili baadaye wezi walirudi, na safari hiyo yeye alikuwa ndani. Alikuja ofisini mkono wa kulia umefungwa kwa kanga, akabonyeza kwa dole la kushoto kwa sababu la kulia halikuinuka.

"Karani, si niliwaleteeni taarifa mapema?" aliniuliza. "Mbona hata doria moja haikupita?"

Sababu niliijua. Doria hupangwa kwa kufuata taarifa zetu, na kwa taarifa zetu mtaa huu hauna wezi, una watu wasahaulifu tu. Jioni ile niliandika kwamba Mama Juliana ameanguka. Mkono ulioandika ni huu huu unaokuandikia wewe.

Sikuweza kula perege tena.

Sasa sikia la jana. Ulikuwa mkutano wa mtaa, na polisi wa kata alialikwa. Mwenyekiti alinipa karatasi nisome: hali ya usalama ni shwari. Kwenye mikutano yetu karani husoma muhtasari wa mkutano uliopita, ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa anauliza, "Mnathibitisha?" Wakazi wasipothibitisha, hakuna kuendelea. Jana asubuhi, nikiwa napiga pasi shati, niliwaza: kama muhtasari unathibitishwa, kwa nini daftari la matukio lisithibitishwe? Nikaliweka kwenye mfuko wa nailoni. Njia nzima nilitamani bajaji iharibike.

Nilipomaliza muhtasari, nililitoa. "Ndugu wakazi, na haya yana madole gumba yenu. Naomba myathibitishe."

"Karani, hiyo haimo kwenye ajenda," Mwenyekiti akasema.

"Mwache asome," akasema yule afande. "Kama hali ni shwari, daftari litakuwa na nini cha kutisha?"

Nikasoma: "Mzee Boay amesahau baiskeli yake barabarani."

Mzee Boay akainuka na fimbo yake. "Niisahau? Nilikuwa nimeikalia! Wamenishusha kama gunia la mahindi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikasoma inayofuata: kufuli la Bwana Salum, muuza vitenge, limefunguka lenyewe.

"Likafunguka, likabeba majora sita, likaondoka," Bwana Salum akajibu. "Kufuli hilo lina akili kutuzidi sote humu. Tulichague."

Kisha nikafika kwa Mama Juliana. Nilisoma yote mawili, mizani na kuanguka. Kicheko kikakatika. Alikuja mbele na mkono wake kwenye kanga.

"Nani ameandika nimeanguka?"

"Ni mimi, Mama Juliana."

"Wewe ninayekuwekea samaki kila Ijumaa?"

"Mimi."

Aliniangalia usoni. Ningependa kupigwa kuliko kuangaliwa vile.

Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Mwenyekiti alisimama, wala hakuwa mnyonge. "Nani aliwaletea maji? Nikiandika wizi kila siku, vyumba vyenu mtampangisha nani?" Baadhi walimpigia makofi, na sitamdhulumu: maji kweli aliyaleta yeye. Lakini kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Maji poa, Mwenyekiti, ila ndoo wezi wamebeba!" Kisha akamgeukia afande. "Na nyie tunawaona siku ya kukamata helmeti tu." Afande akasema na hilo liandikwe. Nikaliandika, kwa wino moja kwa moja.

Bwana Salum ndiye aliyefunga hoja. Alisema kiongozi hapimwi kwa daftari safi. Apimwe kwa anavyofanya likichafuka. Akataka kila tukio liandikwe upya, mwenye nalo asomewe kabla ya kubonyeza, na daftari lipelekwe polisi ili doria ipangwe. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi. Afande akaondoka na daftari kwapani. Kesho Jumatatu saa tatu natakiwa kwenda kutoa maelezo na kutia saini jina langu kwamba nilibadilisha maneno, na kwa agizo la nani.

Mwenyekiti alinidai ufunguo wa ofisi. Hakufoka. "Ungeniambia tukiwa wawili, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Jioni mwenye nyumba ninayopanga huku Nangara akaniambia watu wawili wa pikipiki wamekuja kuuliza huwa natoka saa ngapi. Sijui kama wametumwa, au ndio wale wezi ambao kalamu yangu iliwalinda. Naogopa, Dada, sikufichi. Mama Juliana ndiye aliyekuja kunichukua, akanipeleka kwa kaka yake anayeishi Sigino. Usidhani amenisamehe. "Nakuhifadhi ili Jumatatu ufike polisi," aliniambia. "Mengine tutayazungumza mkono ukipona."

Najua utasema nirudi nyumbani. Usiseme. Nikipanda basi leo, maneno ya watu wale yatabaki na dole gumba tupu, hakuna wa kueleza yalibadilikaje. Kesho nitakwenda, hata kama nitatetemeka njia nzima.

Msalimie Mama, mwambie nimenenepa tu. Msalimie shemeji fundi seremala, na Mjomba mpiga kengele wa kanisa, mwambie nakumbuka alivyonikemea kwa kudanganya kuhusu sadaka. Mtoto mbusu kwenye paji la uso.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kushika penseli.

Kunipata, fuata hivi. Usipige ile namba, wala usitume ujumbe. Jibu lako liweke katikati ya gunia dogo la viazi, umpe kondakta wa basi atakayekuletea barua hii, alifikishe kwa Bwana Salum wa vitenge, karibu na soko. Juu ya gunia andika "viazi vya Mama Juliana", jina langu lisionekane. Ndani usitaje jina lako pia. Bonyeza dole gumba lako la kushoto, lile lenye kovu la kisu, chini kabisa ya karatasi, ukishamaliza kusoma ulichoandika. Hilo nitalijua, na nitaamini kila neno lililo juu yake.