Alama Zimeshuka

Jumanne, Mbeya

Yule daktari leo nusura nimtukane. Safari ile aliniambia alama za saratani kwenye damu yangu ziko juu, ila pengine ni sigara tu inazipandisha. Niache, halafu tupime tena. Nikaacha. Miezi mitatu natafuna karanga kama panya.

Leo ananiambia, "Bibi, alama zimeshuka."

"Zimeshuka vipi? Nijitese hivi halafu nifeli?"

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Bibi, hizi siyo za shule. Hizi zikishuka ndiyo umefaulu."

Si angesema hivyo tangu mwanzo! Picha ya kifua bado, na naiogopa, sifichi. Lakini nimerudi Mwanjelwa natembea kama bibi harusi.

Nyumbani namkuta mume wangu, Baba Tumpe, kawasha sigara yake mezani. Nikamwambia, "Toka na moshi wako. Damu yangu imefaulu, usiirudishe darasani."

Akachukua koti akatoka. Baridi ya leo si mchezo. Hakukaa sana, akarudi, akaiweka pakiti ya sigara mbele yangu.

"Mama Tumpe," akasema, "hivi hao wanapima na wazee wa kiume?"