Kitufe cha TOSHA

Jumatatu, 3 Septemba 2018
Jaribio la tatu. Nimejaza kura za mfano kwa kalamu, nikaziingiza moja moja. Mashine ya kupigia kura imejumlisha sawasawa. Kazini benki napima mashine za kutolea pesa, ndiyo maana chama chetu cha mazishi, cha Wakenya na Wakongo tulio ugenini hapa Hillbrow, kikaniona fundi wa bure. Unagusa jina la mgombea, kisha kitufe cha kijani: TOSHA. Neno nililichagua mimi. Kwetu Kenya kampeni nzima ni kelele za fulani tosha, fulani tosha, yaani ndiye anayefaa. Najisifu kidogo.

Jumatano, 5 Septemba
Jaribio la nne. Safi. Inachosha.
Mwaka jana kumchagua mwenyekiti wanachama walinyoosha mikono, hesabu ikabishaniwa, viti vikaruka. Wakongo wamesema safari hii ikiharibika, wanajitoa. Wakijitoa, mfuko hautaweza kumsafirisha maiti yeyote kwao. Si wa kwao wala wa kwetu.

Jumapili, 9 Septemba
Wanachama wamejaribu mashine baada ya ibada, ukumbi wa kanisa, Hillbrow. Aibu tupu. Waliopiga ni wengi kuliko kura zilizomo. Mama Riziki, msusi, mgombea wa Wakongo, karibu hana kitu. Bwana Mutiso, mhasibu, Mkenya mwenzangu, anaongoza. Papa Kasongo, fundi cherehani, akasimama: "Eish! Mashini ya Wakenya inakula kura." Hakuna aliyecheka. Nina hasira.

Jumatatu, 10 Septemba
Nimeifungua. Nimebadilisha waya. Kura za mfano: sawa. Tena: sawa. Inanikera jinsi ilivyo sahihi.

Alhamisi, 13 Septemba
Nilimpelekea Papa Kasongo sketi aipunguze. Kisingizio. Nilitaka anionyeshe alivyopiga kura.
Mlangoni pana zulia jipya. "Tosha viatu, mama." Nikabaki nimesimama. Viatu vyangu vinatosha, vina nini? Akarudia, akinyooshea miguu yangu kidole.
Tosha. Kwao ni toa. Ondoa.
Nikamuuliza Jumapili aligusa nini. Jina la Riziki, basi. Kile cha kijani hakukigusa. Nani ataondoa kura yake mwenyewe? Akaenda zake, na skrini ikiachwa hujifuta. Wiki mbili nimepima mashine kwa vidole vya Mkenya. Mjinga mimi.
Nikampigia simu Bwana Mutiso. Nikamweleza yote, akajibu: "Mashine imepita majaribio. Wachana nayo." Alikuwa ameelewa vizuri sana. Ni mtu mzuri, na ndiye nitakayempigia kura. Hilo ndilo linalonichukiza.

Ijumaa, 14 Septemba
Nimebadilisha. Kitufe sasa kimeandikwa SAWA. Papa Kasongo amejaribu, na wateja wake pia. Kura zote zimo. Bwana Mutiso sijamwambia.

Jumapili, 16 Septemba
Uchaguzi wenyewe. Kabla ya kupiga kura nilieleza kosa langu mbele ya wote. Wakongo walicheka mpaka wakafuta machozi. Bwana Mutiso alitazama simu yake.
Mama Riziki ameshinda, tena kwa mbali. Bwana Mutiso alimpa mkono yeye, mimi akanipita. Imeniuma. Nilikuwa nimempigia kura.
Viti vimebaki chini. Chakula kikaletwa: sombe, kile kisamvu cha Wakongo, wali, chapati. Papa Kasongo akaniita akiwa na sufuria mikononi: "Mama, tosha ile mashini ku meza, tukule."
Nikaitosha.