Nani Ametoa Nyimbo za Kamau

Jumatatu, 3 Machi

Boksi za vifaranga zimefika dukani asubuhi. Wawili wamekufa. Nilikuwa namweleza mteja dawa ya kideri wakati redio ilipocheza wimbo wa ndugu yangu.

Si sauti yake. Kamau alikufa miaka sita iliyopita. Ni bendi ya vijana wa mtaa wa Free Area, msichana anaimba, gita zinalia kama mabati kwenye upepo. Mtangazaji akasema bendi zote za roki zinazochipuka Nakuru zinafuata nyayo za Kamau wa Bahati. Hata kile kimya chake cha katikati ya mstari wanakiiga. Sawa. Kuna rekodi yake moja kwenye simu za watu, wamejifunzia hapo.

Lakini wimbo wa leo haumo kwenye rekodi hiyo. Ulikuwa kwenye daftari zake. Na daftari nilizichoma mwenyewe wiki moja baada ya mazishi, pamoja na mabua ya mahindi. Mama alitaka muziki wa shetani utoke nyumbani.

Nani ameuiba?

Alhamisi, 6 Machi

Ni Otieno. Lazima awe Otieno. Alimpigia Kamau ngoma miaka yote, na siku ya mazishi aliniuliza daftari ziko wapi. Mtu aliyefiwa na rafiki anauliza daftari? Labda alishanakili kabla.

Mama ameenda kliniki ya presha mjini, kama kila Alhamisi. Nimekula peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda kwa Otieno, Free Area. Alikuwa anachomelea geti. Sikumsalimia. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba anauza nyimbo za marehemu.

Akavua miwani. "Njeri, huo wimbo nimeusikia kwa redio kama wewe. Nililia."

Nikamwambia machozi ni rahisi. Nikamwita mwizi. Mteja mmoja akasema, "Mathe, punguza hasira." Otieno akarudi kwa geti lake.

Simwamini.

Jumanne, 11 Machi

Mteja alikuwa na wimbo mwingine wa bendi ile kwa simu. Nilimwomba aurudie.

Huu haukuwa hata kwenye daftari. Kamau aliutunga kitandani, wiki ya mwisho, mikono haishiki kalamu. Otieno hakuwahi kuusikia. Wa kuusikia tulikuwa wawili tu. Mimi sijamwimbia mtu.

Nimeandika, nimefuta, naandika tena. Namshuku mama yangu.

Mama, ambaye huzima redio gita likianza tu.

Nimetazama kadi yake ya kliniki. Anatakiwa kurudi Aprili. Basi Alhamisi zote hizi anaenda wapi, na viatu vya kanisani?

Alhamisi, 13 Machi

Nimefunga duka saa nne. Kumnyatia mzazi ni aibu. Nimemnyatia.

Alishuka Free Area, akapita sokoni bila kununua kitu, akaingia chumba kilicho nyuma ya mashine ya kusaga posho. Nikasimama mlangoni. Mama kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, macho amefumba, anaimba. Nyimbo za Kamau, kwa sauti yake nyembamba ya kwaya. Msichana wa redio anamfuata kwa gita. Anaitwa Chebet.

Chebet akakosea. Mama akamgusa mkono. "Hapana. Hapo ngoja."

"Shosho," akasema, kama anayemwita bibi yake, "kwani huwa tunangoja nini? Kila bendi inangoja hapo, hakuna anayejua sababu."

"Alikuwa anavuta pumzi. Alikuwa na pumu."

Chebet akalaza gita mapajani. Mama akafungua macho, akaniona.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeongea tukimenya viazi. Hakuniangalia.

Miaka yote aliyokuwa akimkemea Kamau, alikuwa anasikiliza kupitia ukuta. Anazijua zote. Mwaka jana Chebet alikuja nyumbani Bahati kutafuta daftari, mimi nikiwa dukani. Mama hakuwa na daftari, akampa nyimbo zilizo kichwani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba namtafuta mtoto niliyekuwa namfukuzia nje na gita lake?"

Kisha, baada ya viazi vingi: "Nilisema zitoke nyumbani, Njeri. Sikusema zichomwe."

Nina hasira kwa sababu ni kweli. Nilizichoma kwa chuki yangu. Muziki ule ulikuwa unamkeshesha Kamau kwenye baridi na mapafu yale, na nilitaka kitu cha kuadhibu. Nimemwachia Mama lawama miaka sita. Halafu nikazunguka nikitafuta mwizi.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nimeenda nyumbani kwa Otieno. Alikuwa anaosha gambuti uani. Nilisubiri mke wake atoke nje, maana nilimtukana mbele ya watu, na pole nayo isikiwe na watu. Nikasema nilikosea. Nikasema pia nani alichoma daftari.

Akamalizia gambuti ya pili. Mke wake akaleta chai na mkate. Kuku wakapita miguuni.

Otieno akauliza daftari zilikuwa ngapi.

"Tatu."

Akauliza kama zilichukua muda kuungua.

"Ndiyo," nikasema. "Zilikuwa nene."

Akatikisa kichwa polepole. Akavuta birika, akaniongezea chai.