Huku Nyuma Kuko Salama

Uko hewani? Usinipigie, siwezi kuongea. Nipo wodini na Baba.

Ameanguka bafuni. Saa nane mchana, mimi nipo chumba cha pili nacheza gemu. Chumba cha pili, jamani!

Unajua kazi yangu kwenye timu. Wenzangu wakivamia, mimi narusha bomu la moshi, nabaki nyuma kulinda njia na kusikiliza hatua za adui. Wananisifu eti nina masikio makali.

Kepteni akaniambia, "We, kuna mtu anakuita huko kwenu." Yeye kasikia kupitia maiki yangu, mimi nimeziba masikio kwa hedifoni! Nikamjibu, "Hebu nyamaza, nasikiliza hatua."

Nasikiliza hatua. Nilisema hivyo hivyo.

Tukashinda. Nikatoka nacheka kwenda kunywa maji, ndipo nikamkuta.

Upande wa kulia umepooza. Daktari kaniuliza alilala pale muda gani.

Kepteni hurekodi mechi zetu, kwa hiyo nimeisikiliza ya leo hapa kwenye benchi. Dakika ishirini na sita. Baba ananiita, ananiita, sauti inafifia, na mimi nasikika vizuri kabisa nawaambia wenzangu, "Msijali, huku nyuma kuko salama."